Kabla ya Kuiota Florence, Panda Basi la Kitale

Sisi wa Pwani tunawajua Waitaliano kuliko Wakenya wengi. Pale Malindi wamejenga nyumba na kufungua mikahawa, na kijana wa ufukweni ambaye shule hakuimaliza anaweza kukuuzia kinyago kwa Kiitaliano kitupu. Kule Ngomeni walirusha satelaiti tangu 1967. Basi si ajabu kwamba kila baada ya siku chache namsikia mtu barazani akisema, "Ipo siku nami nitakwenda Italia." Ukimwuliza akafanye nini, atakutajia mambo matatu: kuona sanaa, kula vyakula vyao, na kutembea katika vile vichochoro vitulivu alivyoviona kwenye simu.

Nia ni njema na Mungu amjaalie. Lakini viza si maandazi. Leo nataka kueleza kwamba mambo hayo matatu yanapatikana kwa tiketi ya basi, ndani ya Kenya hii hii, tena katika nchi ambayo historia yetu wenyewe wa Pwani ilipita. Nazungumzia Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma iliyo jirani yake. Nimefika huko mara kadhaa kwa ajili ya kazi, na pia kwa sababu binamu yangu ameoa Kimilili. Kwa hivyo nina shemeji wa Kibukusu anayenisahihisha kila nikikosea.

Florence ina nini hasa?

Tuanze na huo mji unaotajwa sana. Sijafika Florence, lakini historia yake imeandikwa na inasomeka. Kwa muda mrefu mji ule ulitawaliwa na ukoo wa Medici, uliokusanya michoro, sanamu na vitabu kwa vizazi na vizazi. Ukoo ulipokaribia kuisha, aliyebaki alikuwa mwanamke, Anna Maria Luisa de' Medici. Mwaka 1737 aliweka mkataba na watawala wapya: mali yote ile ya sanaa isitolewe kamwe katika mji, ibaki kwa manufaa ya watu na kuwavutia wageni. Karibu miaka 300 baadaye wageni bado wanapanga foleni, kwa sababu ya karatasi ile moja.

Chakula nacho, mojawapo ya vyakula vya mtaani vinavyosifiwa sana Florence ni lampredotto. Hayo ni matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa yakatiwa ndani ya mkate, na huuzwa kwenye vigari vya barabarani. Watu wanakata tiketi ya ndege kwenda kula matumbo! Na anayetaka utulivu huvuka Mto Arno kwenda mtaa wa Oltrarno, wenye mafundi wa mbao na ngozi.

Ukiangalia vizuri, utaona hakuna muujiza hapo. Kuna mtu aliyeacha wasia, kuna watu wasioonea haya chakula chao, na kuna mitaa ambayo mtu anaweza kutembea polepole. Sasa twende Kitale.

Wasia wa Kitale

Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na Milima ya Cherangani. Mji wenyewe ulianza kujengwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, na kufikia 1926 reli ilikuwa imefika. Ni nchi ya mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapo 1956, na mahindi mengi yanayosagwa kuwa sima yetu huku yanatoka mashamba ya kule.

Kando ya barabara ya Eldoret lipo Makumbusho ya Kitale. Mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham, alikuwa na tabia ya kukusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu. Mwaka 1926 alianzisha makumbusho yake binafsi shambani kwake. Alipokufa 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyiko ule uwe mali ya taifa, na akaacha na fedha za kujengea. Jengo jipya likafunguliwa mjini 1974. Hayo ndiyo yalikuwa makumbusho ya kwanza ya bara kuendelezwa hapa Kenya.

Unaona mfanano? Florence na Kitale zote mbili zinakula matunda ya wasia. Tofauti ni kwamba wa Florence wanauheshimu kwa kuingia mlangoni. Siku niliyokwenda Kitale, basi la shule lilikuwa limeleta watoto, na mtu mzima aliyelipa kiingilio nilikuwa mimi peke yangu. Tumezoea kufikiri kwamba makumbusho ni ya watoto wa shule na watalii, na hata hapa kwetu mtu anaweza kuzaliwa Mji wa Kale, akazeeka, asiingie Fort Jesus hata mara moja.

Ndani utakuta vyombo vya watu wa magharibi mwa Kenya: mitungi, ngao, vibuyu, mapambo na vifaa vya muziki. Nje kuna nyumba za kienyeji zilizojengwa kama zilivyokuwa zamani, kila jamii na mtindo wake. Nyuma kuna njia ya kutembea ndani ya msitu wa asili unaofuata mto, na nyani wanakuchungulia kutoka juu. Ukiwa na saa mbili, zimalize huko msituni. Husikii gari wala honi ya boda boda.

Duara la mawe

Kuna jambo la Kitale linalotuhusu sisi moja kwa moja, na ni vyema mtu wa Pwani alijue kabla hajafika. Wenyeji husimulia, na vitabu vya wasafiri vimerudia, kwamba kabla ya walowezi mahali hapo palikuwa kituo cha misafara ya watumwa kati ya Uganda na Bagamoyo. Katika viwanja vya Kitale Club kuna duara la mawe linaloonyeshwa kuwa ndiyo kumbukumbu iliyobaki. Ile ni klabu ya wanachama, kwa hivyo ukitaka kuliona uombe ruhusa langoni kwa adabu.

Misafara ile haikuongozwa na majini. Iliongozwa na watu waliosema Kiswahili na kuvaa kanzu, na iliishia kwenye bandari zetu. Ilibeba pembe za ndovu, nguo, shanga na bunduki, na ilibeba watu pia. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo iliyofikisha lugha yetu na dini yetu kule. Mumias, mji ulio jirani na Bungoma, ulikuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga aliyetawala kuanzia 1882 na kufariki 1949, na wafanyabiashara wa Pwani walipokelewa kwake. Hadi leo Mumias ni kituo kikubwa cha Uislamu magharibi mwa Kenya.

Kwa hivyo ukifika Kitale hufiki kama mgeni asiyejulikana. Babu zetu walishatangulia, na si wote walioacha sifa nzuri. Mtu anayelijua hilo husalimia kwa unyenyekevu zaidi.

Mitaa ya kutembea

Kwa anayetafuta utulivu, jioni ya Kitale nenda Milimani. Mtaa una miti mirefu na ua za michongoma, na nyumba zimekaa mbalimbali. Kukikaribia Magharibi baridi huanza kuuma na harufu ya kuni hupanda. Mtu wa Pwani anayelala na feni mwaka mzima atashangaa kuombwa kama anataka blanketi la pili. Mwambie ndiyo.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Mbuga ya Saiwa, karibu na mji. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita za mraba 3 tu, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala anayeishi kwenye kinamasi. Magari hayaingii. Unatembea kwa miguu juu ya mbao, unapanda jukwaa, unakaa kimya na kungoja. Wale wanaosema hawana fedha za kukodi gari la mbugani, mbuga yao ndiyo hiyo.

Bungoma na sanaa isiyotundikwa ukutani

Kutoka Kitale matatu hushuka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha hufuata barabara ya Malaba hadi Kanduyi na kukuingiza Bungoma. Kuhusu jina la mji, wapo wasemao linatokana na jamii ya Wabong'omek walioishi hapo zamani, na wapo wasemao linatokana na ngoma. Mimi sitaamua ugomvi huo, ila sikio la Mswahili litapenda jibu la pili.

Sanaa ya Wabukusu hutaikuta imetundikwa ukutani. Imo vinywani na mikononi. Chombo chao kikuu ni litungu, kinanda cha nyuzi saba au nane kinachopakatwa na kupigwa kwa vidole, huku mpigaji akiimba habari za ukoo, ndoa, vita na siasa. Aliyezoea udi katika taarabu atatambua mara moja kazi inayofanyika pale. Kuna na ngoma inayochezwa kwa mabega, iitwayo kamabeka. Litamke jina hilo polepole utasikia neno lako mwenyewe: mabega. Vivyo hivyo maji kwao ni kamechi, na mkono ni kumukhono. Shemeji yangu husema Kiswahili ni Kibukusu kilichokwenda kuoga baharini, nami humjibu kwamba Kibukusu ni Kiswahili kilichopanda mlima kikachoka.

Sanaa kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumuse. Mzee mwenye heshima akifa, katika baadhi ya koo huitwa msemaji maalumu siku chache baada ya maziko. Waombolezaji hukaa kwa kuzunguka uwanja, naye hutembea katikati akieleza chanzo cha jamii, akitaja nasaba, akiwaonya wagomvi na kuwafariji wafiwa. Anasema kwa saa kadhaa bila karatasi. Sisi tuliolelewa na maulidi na utenzi tunajua thamani ya mtu aliyehifadhi kifuani. Tunajua pia kwamba mtu wa namna hiyo akifa bila mwanafunzi, hakuna makumbusho yatakayomrudisha.

Jando lao nalo hufanyika katika miaka ya shufwa, kama 2024 na 2026, hasa mwezi wa Agosti. Utawaona vijana barabarani wakipiga njuga za chuma ziitwazo chinyimba, wakienda kuwaalika jamaa. Kila kundi huingia katika rika lenye jina, na majina hayo ni manane yanayozunguka, hata jina la rika hurudi baada ya miaka karibu 100. Hiyo ndiyo kalenda yao. Ukibahatika kualikwa, nenda. Usipoalikwa usisimame njiani na simu ukapiga picha za mtoto wa watu. Ni ibada ya jamii ile, na hakuna kati yetu ambaye angependa mgeni aje kupiga picha jando la mwanawe.

Karibu na Webuye kuna vitu viwili vya kuona. Cha kwanza ni maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia. Cha pili ni kilima cha Chetambe. Wabukusu walikuwa wakijenga vijiji vyenye kuta za udongo na mahandaki ili kujilinda na maadui, na katika ngome ya namna hiyo mwaka 1895 walipambana na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na C. W. Hobley. Walishindwa na wengi walikufa. Ukisimama pale juu utaona nchi yote chini yako imetulia, miwa na mahindi hadi upeo wa macho, na utaelewa kwa nini walipapigania.

Sahani ya magharibi

Sasa chakula. Watu wa Pwani tukisikia chakula cha bara hukunja uso, tukidhani ni githeri asubuhi na jioni. Subiri kidogo. Ile mboga inayouzwa kule kwa jina la managu ni mnavu wetu. Saga ni mgagani. Mrenda ni mlenda. Mboga ni zile zile, ila sisi tunatia nazi na wao wanatia maziwa au maji ya majivu yanayochujwa ili kulainisha majani. Mboga ya mgagani iliyolala na maziwa usiku mzima, ikaliwa na ugali wa wimbi, haihitaji kutetewa na mtu yeyote.

Kunde nazo zina hadithi. Katika Kaunti ya Busia, jirani na Bungoma, kuna pango la Kakapel lenye michoro ya kale ya ng'ombe na maumbo ya duara, ambalo ni mnara wa kitaifa. Wataalamu waliochimba hapo walitangaza 2024 kwamba wamepata mabaki ya kunde yenye umri wa miaka kama 2,300. Kwa hivyo ukila kunde za nazi Kilifi kesho, jua kwamba zililiwa magharibi kabla ya mji wowote wa mawe kusimama huku kwetu.

Kuku wa kienyeji ndiye mfalme wa sahani. Mgeni wa heshima hachinjiwi chini ya hapo. Kumbikumbi wa kukaanga utawaona sokoni wamerundikwa kama njugu. Mimi nimewaangalia tu, wewe muulize sheikh wako. Kwa upande wa Wakalenjin kuna mursik, maziwa ya kuganda yanayohifadhiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na hayo ni halali na ni matamu. Pombe ya busaa ipo, lakini hakuna aliyewahi kunilazimisha. Niliposema mimi Mwislamu nililetewa chai ya maziwa bila maswali.

Katika miji yote miwili ipo misikiti na ipo mikahawa ya Waislamu. Kwingineko uliza tu aliyechinja ni nani, hawakasiriki. Bungoma nimeswali Ijumaa pamoja na Wabukusu, na khutba ilitolewa kwa Kiswahili.

Kwa nini hili lina uzito

Mtu ataniuliza, kwani tukibaki kwetu tutapungukiwa na nini? Nitajibu kwa mwaka mmoja: 1997. Mwezi wa Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yaliyofuata yaliua watu na kuwang'oa maelfu majumbani mwao, wengi wao wakiwa watu wa bara. Wakati ule nilikuwa kijana. Nakumbuka familia zikipakia magodoro juu ya mabasi, na wengine wao walikuwa wanakwenda magharibi. Walirudi nyumbani na hadithi moja tu kuhusu Pwani.

Neno "wabara" bado tunalo mdomoni, na kila uchaguzi ukikaribia kuna mtu hulinoa upya. Dhuluma za ardhi na ajira Pwani ni za kweli na nimeziandika hapa mara nyingi. Lakini ni rahisi kumchukia mtu ambaye nyumba yake hujawahi kuiona. Aliyekula mgagani kwa mama wa Kimilili, akasimama mbele ya lile duara la mawe, akasikiliza litungu, akisikia mwanasiasa jukwaani anasema "watu hawa" atauliza, watu gani hasa?

Watu wa bara huja kwetu kila Desemba, wanaoga baharini, wanakula biriani, wanarudi na picha. Sisi hatuendi kwao isipokuwa kwa maziko au kesi. Udugu wa njia moja huchoka.

Namna ya kwenda

Kutoka Mombasa hadi Kitale ni takriban kilomita 860. Wengi hupanda gari moshi hadi Nairobi, wakalala, kisha wakashika basi la asubuhi kupitia Nakuru na Eldoret. Wapo pia wanaopanda basi la usiku moja kwa moja. Msafiri wa Kiislamu ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya swala, aitumie.

Desemba hadi Februari ni wakati mkavu, na mwisho wa mwaka mahindi yanavunwa. Miezi mingine mvua ni nyingi na njia za ndani huteleza. Chukua sweta mbili na viatu vya kufunika vidole. Siku mbili Kitale na siku mbili Bungoma zatosha kwa kuanzia. Ukiingia nyumba ya Mbukusu sema "mulembe", maana yake amani. Nao watakujibu hivyo hivyo, kisha watakuuliza kama umekula.